Jezi ya Coastal Union ya Tanga yenye namba 88: nimeivaa miezi minne

Nianze na bei. Jezi 15,000, kuchapa namba mgongoni 3,000. Muuzaji alianzia 25,000 huku akiapa kuwa ni orijino. Nikamwambia, mgosi (ndivyo tunavyoitana watu wa Tanga), tangu lini orijino ikauzwa juu ya turubai kando ya kituo cha daladala? Akacheka, tukaelewana.

Kitambaa si kibaya hata kidogo. Ni chepesi, kina vitundu ubavuni, na kwa joto la Dar jasho linakauka kabla hujafika unakokwenda. Nilitegemea wekundu utachuja siku ya kwanza ya kufua. Haukuchuja, hapo nampa haki yake. Kola ndiyo imeniangusha, imejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Saizi zinabana pia. Mimi ni wa L, nikachukua XL, na kitambi bado kinajitangaza.

Kijana wa kuchapa aliniuliza 88 ni ya mchezaji gani. Si ya mchezaji, ni ya mwaka: 1988, Coastal Union bingwa wa Tanzania. Akainua macho. "Coastal hii ya Tanga?" Hii hii, iliyoanzishwa 1948. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa babu yake aliwahi kuwa bondia, akaendelea na pasi yake.

Kuivaa Dar kuna adha yake, maana nyekundu hapa ina mwenyewe, Simba, yaani Mnyama. Kondakta: "Mnyama, sogea nyuma!" Watu wa Yanga nao wananitania kwa makosa ya timu isiyo yangu. Lakini kuna siku mzee mmoja nyuma yangu kwenye daladala aliisoma ile namba, akaita, "Mgosi, 88!" Kumbe ni mtu wa African Sports, wapinzani wetu wa palepale Tanga wanaoitwa Wana Kimanumanu; Kimanumanu wa damu. Tulibishana mechi zote za Mkwakwani, uwanja wa Tanga, nani alimfunga nani na nani alipendelewa na mwamuzi, mpaka abiria wakawa wanatusikiliza kama redio. Tulichokubaliana ni msimu wa 2015/16 peke yake, pale Coastal, African Sports na Mgambo JKT zilipoporomoka daraja kwa pamoja, na mkoa mzima wa Tanga ukabaki hauna timu Ligi Kuu. Hapo tulinyamaza wote wawili.

Nilimkumbusha kuwa sisi tulirudi 2018, tena mwaka huo tukamsajili Alikiba, yule mwanamuziki. Akasema huo nao ni usajili? Sikuwa na jibu la maana.

Nikahamia fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2022, Arusha, dhidi ya Yanga. Ile niliiangalia kibanda umiza, nimesimama kwa sababu mabenchi yote yalikuwa na watu wa njano. Abdul Suleiman "Sopu" akapiga tatu peke yake, mpira ukaisha 3-3. Kisha penalti, 4-1, Yanga wakabeba. Baadaye Sopu akaenda Azam. Mzee akanipa pole ya kweli kabisa, kisha akashuka Magomeni bila kuniambia jina lake.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Namba imeanza kubanduka mwezi wa tatu. Nane ya kulia imepoteza ubavu wa kushoto wote, kwa hiyo mgongo wangu unasomeka 83. Nimefua kwa maji baridi, nimeianika kivulini, sijaipiga pasi hata mara moja. Ni gundi hafifu tu, basi. Jirani yangu keshaniuliza 1983 kulitokea nini.

Jezi yenyewe nunua, kwa 15,000 hujaibiwa. Kuchapa, tafuta anayeshona namba kwa uzi. Yule kijana anasema atanibandikia nane mpya kwa 1,000. Nimemwambia nane moja aliyoiharibu mwenyewe hailipiwi. Jumamosi narudi tumalizane.