Sabuni ya kuyeyusha na kumimina: tathmini ya mtumiaji wa Mtwara

Mtu anayetaka kutengeneza sabuni ya kuogea nyumbani kwake hapa Mtwara ana njia mbili. Ya kwanza ni ile inayofundishwa katika vikundi vingi vya akina mama, yaani kuchanganya kostiki soda na mafuta ya mawese, ya mise (yaani kiini cha mbegu ya mchikichi) au ya nazi, kisha kusubiri wiki nne hadi sita mpaka sabuni ikauke na ukali wake utulie. Ya pili ni kununua sabuni ambayo kazi hiyo ya kemikali imekwisha kufanyika kiwandani, ukaikata vipande, ukaiyeyusha, ukaitia rangi na harufu uipendayo, ukaimimina kwenye kalibu na kuoga nayo kesho yake. Tathmini hii inahusu njia ya pili. Nimetumia aina mbili za sabuni hiyo, ya uwazi na nyeupe, zote zikiwa zimeagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi.

Niseme mapema kwamba bidhaa yenyewe ni nzuri, na kwa mwenye watoto wadogo wanaozungukazunguka jikoni ina faida moja inayozidi nyingine zote: hakuna kostiki soda ndani ya nyumba. Kostiki huunguza ngozi na macho, na tone moja linaporuka haliulizi umri wa mtu. Hapa unachoshughulika nacho ni sabuni ya moto tu, ambayo nayo huunguza ikikumwagikia, lakini ni hatari ambayo kila mpishi ameizoea.

Uyeyushaji hauna ugumu. Vipande vya ukubwa unaolingana huwekwa kwenye bakuli, na bakuli hukalishwa juu ya sufuria yenye maji ya moto. Sabuni huanza kulainika inapofika nyuzi joto 50 hivi na huwa majimaji kabisa kabla ya kufika 65. Haipaswi kuachwa ipite 70. Jiko la mkaa linahitaji uangalifu zaidi kuliko la gesi, kwa sababu moto wake haupunguzwi kwa kugeuza kitufe. Ni heri kuipua sufuria jikoni maji yakishachemka na kuyaacha yenyewe yafanye kazi. Sabuni ya uwazi iliyopitiliza joto hugeuka rangi ya manjano, hutoa harufu ya kuungua na hukosa maji yake, hivyo ikiganda huwa ngumu na yenye kukatikakatika. Kuikoroga kwa nguvu nako huleta mapovu ambayo hubaki juu yakaganda. Mapovu hayo huondoka mara moja ukipulizia spiriti ya duka la dawa kwa chupa ndogo ya kupulizia, ila fanya hivyo mbali na moto, kwa maana spiriti hushika moto upesi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo maelezo mengi ya bidhaa hii hulipita haraka, ilhali kwetu sisi wa pwani ndilo linaloamua kila kitu. Sabuni hii ina gliserini nyingi, na tabia ya gliserini ni kuvuta unyevu kutoka hewani. Sifa hiyo ndiyo inayoifanya ngozi ibaki laini baada ya kuoga. Lakini hewa ya Mtwara, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati wa kaskazi na mvua, imejaa unyevu mchana na usiku. Sabuni iliyotolewa kwenye kalibu asubuhi na kuachwa mezani bila kufungwa, ifikapo jioni inakuwa imefunikwa na matone madogo yaliyo wazi, yanayonata kidogo kwenye vidole, mfano wa glasi ya maji baridi iliyowekwa juani. Haijaharibika, na ukiifuta na kuogea inafanya kazi yake vizuri. Hata hivyo, hakuna mgeni atakayeipokea sabuni ya namna hiyo kwa furaha, wala mteja atakayeilipia.

Dawa yake ni kuifunga kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula mara tu inapotoka kwenye kalibu, ikiwa imeshapoa kabisa, nailoni ikivutwa mpaka igande kwenye uso wa sabuni pasibaki nafasi ya hewa. Mfuko wa karatasi au kipande cha khanga, hata kama kinapendeza machoni, hakizuii unyevu. Usiiweke kwenye friji kwa lengo la kuharakisha kuganda, kwa kuwa ikitolewa humo ikakutana na joto la nje hutoka jasho maradufu. Katika miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, tatizo hupungua sana, na anayetaka kutengeneza zawadi za harusi au za Idi apange kazi yake akilijua hilo. Kati ya aina mbili nilizotumia, nyeupe huficha jasho vizuri zaidi, kwa sababu rangi yake imetokana na unga mweupe wa dioksidi ya titani na uso wake hauakisi kila tone. Ya uwazi haifichi chochote.

Upande wa viungo ndio unaomvutia kila anayeanza, na ndiyo sehemu inayohitaji kiasi. Wengi wetu huamini kwamba mafuta yakizidi sabuni inakuwa bora, na mtu aliyezoea kupika sabuni kwa kostiki anaweza kudhani mafuta ya nazi aliyoyatia yatageuka sabuni pamoja na mengine. Hayageuki. Kostiki yote imekwisha tumika kiwandani, kwa hiyo mafuta unayoongeza yanabaki mafuta, yanaua povu na kuilainisha sabuni mpaka inakuwa tepetepe. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo kinatosha. Kwa kipimo hicho, mafuta ya ufuta, ambayo sisi wa Lindi na Mtwara tunayapata bila shida, yanaacha ngozi nyororo, ila yale yaliyokamuliwa bila kusafishwa yana harufu nzito inayoshindana na manukato. Asali nayo isizidi kijiko hicho hicho, la sivyo huongeza jasho nililolieleza.

Kuhusu harufu, mafuta ya mchaichai yamenipendeza kuliko yote, maana yanadumu hata baada ya sabuni kukaa na hayachujuki upesi. Gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya sabuni zinatosha, na zinapaswa kutiwa mwishoni, sabuni ikiwa imeanza kupoa, ili zisipotee na mvuke. Mafuta ya karafuu yanahitaji kipimo cha chini sana kuliko hicho, kwa kuwa yana kemikali iitwayo eujenoli inayoweza kuwasha ngozi. Manjano ya unga hutoa rangi nzuri ya dhahabu, mradi yakorogwe kwanza kwenye gliserini kidogo. Yakitiwa makavu huacha madoa. Masalia ya kahawa husugua vizuri miguu na viwiko, lakini huzama chini ya kalibu sabuni ikiwa bado ya moto, hivyo subiri ianze kuwa nzito ndipo uyachanganye. Kipande cha dodoki kilichokatwa mviringo na kuzamishwa katikati ya sabuni ya uwazi hupendeza na husugua mgongo vizuri, na kwa maoni yangu ndilo pambo bora kuliko yote niliyoyajaribu. Asumini na majani mabichi hayafai. Maua hugeuka rangi ya kahawia ndani ya siku chache, na chochote chenye maji mabichi ndani yake, iwe shubiri mwitu, tango au mwani uliotoka baharini, kinaweza kuota ukungu.

Kuna onyo moja ambalo linawahusu hasa watu wa huku kusini, nami nalitoa kwa uzito wote. Korosho ina mafuta ya aina mbili. Yale ya kiini ni chakula na hayana madhara kwa mtu asiye na mzio wa korosho. Yale ya ganda ni mengine kabisa. Yanababua ngozi, na kila aliyewahi kuwaona wabanguaji wakipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kazi anajua sababu. Ukiuziwa mafuta ya korosho kwa ajili ya kutia kwenye sabuni na muuzaji akashindwa kueleza yametoka sehemu gani ya korosho, yaache.

Kwenye kuoga kwenyewe, sabuni hii inatoa povu la kutosha, tena hata kwa maji ya kisima. Maji ya visima vya pwani yetu, ambayo hupita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu, na sabuni ya kawaida ikikutana nayo huacha utando mweupe kwenye beseni na nywele zikakakamaa. Aina nyeupe niliyotumia ilitoa povu kwa urahisi, dalili kwamba imeongezewa kemikali ya povu. Kwa mwenye ngozi ya kawaida hilo ni jambo jema. Mwenye ngozi kavu au mtoto mchanga atafutiwe aina isiyo na kemikali hiyo, akikubali kwamba povu litakuwa dogo. Kasoro nyingine ni kwamba sabuni hii huisha upesi kuliko ya mche, hasa ikiachwa kwenye kisahani chenye maji. Inahitaji kisahani chenye matundu, na hata hapo haitafikia maisha ya sabuni ya kupika iliyokaushwa vizuri.

Bei ni kubwa. Fedha ya kilo moja, ukiongeza nauli ya mzigo, inatosha kununua miche kadhaa ya sabuni dukani, na kwa hiyo simshauri mtu yeyote aitegemee kwa kuogea familia nzima kila siku. Mahali pake ni sabuni ya uso, ya wageni, ya zawadi, au bidhaa ya kuuza kwa watalii wanaofika Mikindani, ambao hawataona tabu kulipia kitu kilichotengenezwa kwa ufuta na mchaichai wa huku.

Lalamiko langu kubwa linamhusu muuzaji wala si sabuni. Sabuni ya uwazi ilifika ikiwa imekatwa kutoka kwenye kipande kikubwa na kufungwa kwenye mfuko usio na maandishi yoyote: hakuna orodha ya viambato, hakuna tarehe ya kutengenezwa, hakuna jina la kiwanda. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ni nzuri na wateja wote wanaisifu. Hilo si jibu kwa kitu kinachopakwa mwilini. Nyeupe ilikuja ndani ya pakiti yake ya kiwandani, ikiwa na maelezo kamili, na ndiyo maana niliweza kujua mapema kiwango cha joto na kiasi cha mafuta inachokubali. Kwa anayekusudia kuuza, pengo hili ni zito zaidi, kwa sababu vipodozi, sabuni za kuogea zikiwemo, husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, jukumu hilo lilipoondolewa kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na huwezi kuandika viambato vya sabuni yako ikiwa hujui ulichonunua. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ndipo pa kuanzia kwa mjasiriamali mdogo anayetaka kuelekezwa hatua za kufuata.

Kwa hiyo nitaagiza tena nyeupe, kwenye pakiti yake ya kiwandani tu, nayo nitaikamilisha kabla mvua hazijaanza. Ya uwazi nitaichukua kwa kazi ya dodoki peke yake, kwa kiasi kidogo, kutoka kwa muuzaji mwingine. Kipande kitakachobaki kifungwe nailoni, kiwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, mbali na dirisha, nacho kitakaa miezi mingi bila kubadilika.