Uzi wazi au uzi wa kubana?

Tabora, mji wa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, anayeanza gitaa kavu hukutana na swali hili mapema: apige uzi bila kuubana (uzi wazi), au aubane kwa kidole kwenye freti, yaani kati ya vile vyuma vya shingoni (uzi wa kubana)? Noti ni ileile: Mi ya uzi wa kwanza ukiachwa wazi unaipata pia kwenye uzi wa pili, freti ya 5, au wa tatu, freti ya 9. Lakini sikio halidanganyiki.

Uzi wazi una sauti angavu na hulia muda mrefu, kwa kuwa hakuna nyama ya kidole inayoufifisha. Tena unakupa nafasi: wakati unalia, mkono wa kushoto unahamia freti za juu bila wimbo kukatika. Ubaya wake, hauzimiki wenyewe. Ukibadili kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), noti ya zamani bado inavuma na kugombana na mpya, mpaka uuguse kwa kiganja. Na uzi huo ukilegea kwa joto la mchana, huna la kufanya katikati ya wimbo.

Uzi wa kubana unakutii. Unaukata unapotaka, unautetemesha, unauvuta upande hadi noti ipande. Ila ukikandamiza mno sauti inapanda kidogo, kosa la wengi wetu.

Kwa kuimbia chini ya mwembe, kwenye ufunguo wa Sol au Re, mimi nachagua nyuzi wazi. Kwa solo ya polepole, nabana. Mwimbaji akidai ufunguo wa Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu toni), natafuta kwanza kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni.