Mabati Kabla ya Masika: Anza na Msumari

Malalamiko ya kila Mei ni yale yale. Bati jipya, halijamaliza hata mwaka, na dari tayari ina madoa ya kahawia. Watu humlaumu fundi, kisha bati. Ukipanda juu utakuta bati zima, msumari ndio umeoza. Hapa Mombasa chumvi huanza kula pale kichwa cha msumari kinapolala juu ya bati, kwa sababu unyevu hukwama hapo na jua haliufikii.

Rangi chagua uipendayo.

Nyumba iliyo mbali kidogo na ufuo, Mikindani au Changamwe, naipa bati la chuma lenye utando wa aluzinki lililopakwa rangi, geji 28 (geji ni namba ya unene: ikipanda, bati ni jembamba zaidi), na kampuni ninayoipendelea ni Mabati Rolling Mills, hasa Resincot yao. Utando wa aluzinki ni alumini asilimia 55, zinki karibu yote iliyobaki, na silikoni kidogo, nao hustahimili chumvi kuliko zinki tupu. Inayotazama bahari, kama zile za ufuoni Nyali na Bamburi, alumini tupu ndiyo inayoongoza. Haishiki kutu nyekundu, ila ni laini, hubonyea ikikanyagwa vibaya, na msumari wa chuma kitupu huitoboa taratibu. Nenda dukani na sumaku: ikinasa, hiyo si alumini. Aluzinki geji 30 inatosha jikoni na chooni. Bati lenye utando wa zinki tupu, geji 32, ni la banda la kuku.

Sasa skrubu. Usikubali misumari inayopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia. Ile inayong'aa kama sarafu mpya ina zinki nyembamba mno. Iliyochovywa kwenye zinki ya moto huwa na rangi ya kijivu iliyofifia, na mwili wake unakwaruza kidogo. Kwa bati, nunua skrubu zenye kichwa cha pembe sita na raba. Ichomoe raba moja, ikunje mara mbili, ibane kwa kidole na kucha, kisha iachie. Raba ya kweli hurudi duara papo hapo. Ikibaki na mkunjo ni plastiki, nayo jua la kaskazi litaipasua kabla ya masika ya pili. Urefu uwe wa kuiwezesha skrubu kuingia kwenye pau angalau milimita 35, na hesabu skrubu 6 hadi 8 kwa kila mita ya mraba.

Wakati wa kufunga, simama raba inapochungulia kidogo tu pembeni mwa kifuniko cha chuma kilicho juu yake. Ikitoka nje yote, imepasuliwa. Ikizunguka kwa kidole, maji yatapita. Anza kulaza mabati upande wa kaskazini ukielekea kusini, ili ukingo wa kila bati la juu uupe mgongo upepo wa kusi. Bati la aluzinki usiligusishe saruji mbichi wala usiliwekee alama kwa penseli: grafiti yake, ule weusi unaoandika, huanzisha kutu mstari ule ule. Vumbi la chuma la grainda lifagie siku hiyo hiyo. Gundi ya silikoni ya kuzibia nyufa, ile yenye harufu ya siki, pia iache dukani, maana asidi yake inakula zinki.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji. Mtu analipia geji 30 na kuletewa 32, na kwa kuwa tofauti ni sehemu ndogo ya milimita, wengi hawajui. Dai risiti inayotaja geji, soma chapa iliyopigwa kwenye bati lenyewe, na kama una maikromita, kifaa cha kupimia unene, pima kabla ya lori kuondoka. Waranti nayo isome hadi kifungu cha umbali kutoka baharini, ambacho muuzaji hakitaji kamwe. Fanya haya Januari au Februari, kaskazi ikivuma na juu pakavu. Machi mafundi wote wako kazini, na bati lililorundikwa likiwa na maji katikati huota unga mweupe hata kabla ya kupandishwa.