KB5034441 na kosa 0x80070643: upanue patisheni au uache?

Sasisho hili la Windows 10 lilitoka Januari 2024 kuziba tundu la usalama CVE-2024-20666, ambalo humwezesha aliyeishika kompyuta mkononi kukwepa BitLocker (ulinzi wa Windows unaosimba diski) kupitia WinRE (mazingira ya kurekebishia Windows ikigoma kuwaka). Mara nyingi hugoma kwa kuwa patisheni (kipande cha diski) ya WinRE haina MB 250 zilizo wazi, hivyo kufuta kashe ya Windows Update ni kupoteza muda.

Kupanua. Nakili mafaili yako kwanza. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `reagentc /info`, andika pembeni namba ya diski na ya patisheni ya WinRE, kisha `reagentc /disable`. Ndani ya `diskpart`, zana ya kugawa diski, chagua diski, halafu patisheni ya Windows, utoe `shrink desired=250 minimum=250`. Chagua ya WinRE, `delete partition override`, iunde upya, iformati kwa NTFS. Diski ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni) hudai `id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`; ya MBR (mpangilio wa zamani), `set id=27`. Toka, maliza kwa `reagentc /enable`. Ukikosea namba umekwisha: `override` haiulizi mara mbili. Na WinRE ikiwa imetangulia C:, nafasi uliyokata haitaungana nayo.

Kuacha. Hadi Microsoft ilipolibadilisha sasisho hili Agosti 2024, kosa lilijirudia kila mashine ilipotafuta masasisho; lilikera, basi. Bila BitLocker, mwizi anaweza kuchomoa diski na kuisoma tu, kwa hiyo tundu hili halimwongezei kitu. `reagentc /info` ikionyesha WinRE ni Disabled (imezimwa), Microsoft yenyewe inasema kosa lipuuzwe.

Laptopu ya ofisi yenye BitLocker, panua. Kompyuta ya mezani nyumbani isiyo nayo, usiguse diski.