Simu ya laini mbili Nairobi: ipi ununue, na kama kweli unahitaji kuhama mtandao

Wengi wanaosema wanataka kuhama mtandao wamechoshwa na bei ya bando tu. Dawa yao ni simu ya laini mbili: Safaricom ibaki na M-Pesa, Airtel au Telkom ibebe data. Tumezipanga simu kwa kipimo hicho.

1. Mpya, RAM 6 GB, hifadhi 128 GB. Chomoa trei ya laini kabla hujalipa. Simu nyingi za bei ya kati zina nafasi mbili tu, na ya pili hugombaniwa: ama laini, ama memori kadi. Ukiweka laini ya pili, memori kadi haina pa kukaa, na simu ya hifadhi ya 64 GB itajazwa na video za WhatsApp mapema. Kasha likiandikwa "6+6 GB", hesabu 6. Zile nyingine ni hifadhi iliyoazimwa kujifanya RAM, nayo ni nzito. Uliza pia masasisho: Galaxy A16 ya 2024 imeahidiwa miaka 6 ya usalama.

2. Zilizotumika ng'ambo, zile wauzaji wa Luthuli na Moi Avenue huziita ex-UK. Kamera na kioo hapa huishinda namba moja, ila kazi ya kukagua ni yako. Piga *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu: ikiwa moja, kwa kawaida ni simu ya laini moja. Kwenye Samsung, *#0*# hufungua majaribio ya kioo. Weka rangi moja moja utafute vivuli visivyotoka. iPhone yenye afya ya betri chini ya 80%, ongeza gharama ya betri mpya kwenye bei. Kisha futa kila kitu palepale dukani, unganisha Wi-Fi, uiwashe upya. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani au ikajitaja mali ya kampuni, irudishe. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Luthuli haikosi duka jingine.

Asili nayo ni muhimu. iPhone 14 na zilizofuata zilizouzwa Marekani hazina trei, ni eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi. Simu isiyopokea masafa ya bendi 20 (800 MHz) inaweza kushika 4G barabarani halafu ikalegea ndani ya ghorofa, kwa sababu masafa ya chini ndiyo hupenya kuta vizuri.

3. Ya kulipa kidogo kidogo. Usitazame malipo ya siku, jumlisha: amana 3,000 na shilingi 80 kwa siku 365 ni 32,200. Ukikosa kulipa hufungwa kwa mbali, na kuifuta hakuifungui.

4. Mpya ya RAM 2 GB. Inamtosha mzazi wa kupiga na kupokea M-Pesa, basi.

Ya kuuziwa mkononi pale stejini hatuipi namba.

Sasa laini. Sajili ya pili kwa kitambulisho chako, kisha piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Kwenye mipangilio, data iwe laini 2, simu laini 1, na uzime kile kipengele cha kuhamisha data kiotomatiki. Wengi huliwa kredi hapo: mtandao wa bando ukilegea kwenye lifti, simu hurukia Safaricom isiyo na bando na kumaliza salio. Jaribu mwezi mzima, hasa chumbani saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni.

Ukibaki na nia ya kuhama na namba yako, hilo limeruhusiwa Kenya tangu 2011: unakwenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao mpya. M-Pesa haihami na namba. Kwanza lipa deni la Fuliza, toa akiba ya M-Shwari, peleka salio lote benki, na umalize kredi na bando, maana navyo hubaki nyuma. Kisha waambie waliozoea kukutumia pesa kwa namba hiyo, mwenye nyumba wa kurudisha amana akiwemo.