Kopo la Hill's a/d baada ya mbwa wangu kupasuliwa utumbo: uzoefu wangu hapa Dar

Kama una paka au mbwa mdogo aliyetoka kupasuliwa, au aliyegoma kula tangu jana, nunua kopo hili la chakula cha wanyama wagonjwa. Kama mbwa wako ni mkubwa, nunua machache ya kumwanzishia, kisha uwashe jiko. Huo ndio msimamo wangu baada ya kumuuguza Simba, na nimeandika kwa urefu kwa sababu nilipokuwa nahangaika sikupata maelezo ya mtu wa hapa hapa mjini, mwenye joto hili na umeme huu.

Simba ni chotara wa kilo 20, mlinzi wetu huku Goba. Alimeza gunzi la hindi la kuchoma. Wengi hawajui kwamba gunzi halisagiki tumboni mwa mbwa. Linaweza kukaa siku nyingi ndani, kisha likashuka na kuziba utumbo mwembamba. Kokwa la embe nalo ni hivyo hivyo. Alianza kutapika kila alichokunywa, tukampakia kwenye bajaji hadi kliniki, eksirei ikaonyesha utumbo umejaa hewa nyuma ya kitu kilichokwama, na jioni ile ile akapasuliwa. Utumbo ulifunguliwa, gunzi likatolewa, ukashonwa.

Nilitarajia kuambiwa asile kwa siku kadhaa ili mshono upone. Daktari akasema la, akishaamka vizuri na kama hatapiki, aanze kula kidogo kidogo ndani ya saa 24. Alinieleza sababu, nami nikaielewa: chembe zinazofunika ukuta wa utumbo hupata sehemu kubwa ya lishe yake kutoka kwenye chakula kinachopita mbele yake, si kwenye damu peke yake. Utumbo ukikaa mtupu, ukuta unanyong'onyea, unapitisha vijidudu, na hata mwendo wake wa kusukuma chakula unalala. Hata kwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, ambao zamani mbwa alinyimwa chakula hadi aache kutapika, mambo yamebadilika. Watafiti wa Onderstepoort, chuo cha udaktari wa wanyama huko Pretoria, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 2003 utafiti wa mbwa wenye parvo kali. Waliolishwa mapema kwa mrija wa puani walirudisha hamu ya kula na kuacha kutapika na kuharisha takriban siku moja kabla ya wenzao walionyimwa chakula, na uzito wao ukapanda.

Ndipo daktari akaniandikia a/d. Ni kopo dogo la gramu 156, na ni la mbwa na paka wote. Lina protini nyingi na mafuta mengi, kwa sababu mgonjwa anakula vijiko vichache tu na kila kijiko lazima kibebe nguvu. Chakula chenyewe ni laini kama uji mzito wa mtoto, hakina vipande, na ukiongeza maji kidogo kinapita kwenye bomba la sindano bila kuziba. Hii ndiyo sifa yake kubwa kwangu. Nimewahi kujaribu kusaga nyama ya kuku kwenye blenda kwa ajili ya mbwa mgonjwa, na nyuzi za nyama huwa hazikosi kukwama.

Kampuni yenyewe ina historia nzuri. Mwaka 1939 daktari wa wanyama Mark Morris wa New Jersey, Marekani, alimtengenezea chakula maalumu mbwa aitwaye Buddy, aliyekuwa na ugonjwa wa figo. Buddy alikuwa mwongozaji wa kipofu, Morris Frank. Kutoka chakula kile, mwaka 1948 Morris aliingia makubaliano na kiwanda cha Hill cha Topeka, Kansas. Kwa hiyo wazo la kumtibu mnyama kwa lishe si jipya hata kidogo, ingawa hapa mjini bado watu wanakushangaa ukisema umemnunulia mbwa chakula cha wagonjwa. Acha washangae. Mnyama anayelinda familia yangu usiku kucha ana haki ya kuuguzwa.

Sasa hesabu, maana ndipo penye uamuzi. Kuna kanuni rahisi ya kukisia nguvu anayohitaji mnyama aliyelala tu: zidisha kilo zake kwa 30, kisha ongeza 70. Simba wa kilo 20 anahitaji kilokalori 670 kwa siku. Kopo moja la a/d lina takriban 180. Maana yake, kumlisha a/d peke yake ni karibu makopo manne kila siku, na kwa bei niliyonunulia, kopo moja linakaribia kuku mzima wa kisasa sokoni. Kuku wanne kwa siku! Lakini paka wa kilo 4 anahitaji kama 190, yaani kopo moja na kijiko. Bidhaa ni ile ile, ila kwa paka ni matibabu ya bei nafuu na kwa mbwa mkubwa inakomba mfuko.

Jambo lililoniokoa ni kwamba siku ya kwanza hatakiwi kupewa yote. Mnyama aliyekaa na njaa hupandishwa taratibu: theluthi siku ya kwanza, theluthi mbili siku ya pili, kamili siku ya tatu, na yote igawanywe mara nne hadi sita kwa siku. Theluthi ya Simba ilikuwa kama kilokalori 220, kopo moja na robo. Hapo a/d inaingia bila kuumiza mtu.

Namna ya kumpa ni muhimu kuliko kopo lenyewe. Chakula kikitoka kwenye friji hakinukii, na mgonjwa hula kwa pua. Nilikuwa nachota kiasi cha mlo mmoja kwenye bakuli la bati, naliweka juu ya maji ya moto hadi kiwe vuguvugu, nakipima kwa kugusa na kifundo cha mkono. Kisha najipaka kidogo kidoleni na kumwekea kwenye fizi. Mara ya kwanza Simba alilamba midomo, akageuza kichwa, akaanza kudondosha mate. Nikadhani anadeka, nikachukua bomba la sindano. Dada wa kliniki aliyekuja kukagua mshono akanishika mkono: "Dada, usimshindilie. Huyo ana kichefuchefu." Akanieleza kwamba kulamba midomo, mate na kugeuza uso ndizo dalili zenyewe. Ukimlazimisha mnyama mwenye kichefuchefu, anaunganisha ile harufu na mateso yake na kukichukia chakula hicho hata akipona. Vilevile kinaweza kumpalia kikaingia mapafuni. Alichomwa sindano ya kuzuia kutapika, tukasubiri, na baadaye alilamba kidole, kisha kijiko, kisha bakuli lote. Bomba la sindano sikulihitaji. Ukilihitaji wewe, ingiza pembeni, kati ya shavu na meno, matone machache kwa wakati, kichwa kikiwa sawa. Usimwinue pua juu wala kulenga koo.

Joto la Dar ni suala jingine. Kopo likishafunguliwa, kilichobaki kinahamia kwenye chombo chenye mfuniko na kuingia friji, na mimi nilikuwa nakitumia ndani ya siku mbili tu. Umeme ukikatika muda mrefu, nakitupa, hata kama roho inauma. Kilichoachwa bakulini baada ya mlo hakingojei mlo unaofuata. Nacho kina harufu kali, sisimizi wanakifikia kabla hujageuka, kwa hiyo bakuli lilikaa ndani ya sahani yenye maji.

Baada ya siku za mwanzo nilihamia kwenye sufuria, kwa ruhusa ya daktari, huku nikichanganya a/d kidogo kwa ajili ya harufu. Hapo mama mkwe akawa na lake: "Mwanangu, mgonjwa hali nyama. Mpe uji wa dona apate nguvu." Namheshimu sana, lakini dona ina makapi mengi kwa utumbo uliotoka kushonwa, na mbwa anahitaji protini ili kidonda kifunge. Nilipika kidari cha kuku kilichotolewa ngozi na mafuta yote, kikachemka kwenye maji matupu, nikakichambua. Mchele nikaupika uive kupita kiasi, karibu kuvurugika. Kipimo ni sehemu moja ya kuku kwa mbili za wali, na kijiko cha boga lililochemshwa na kupondwa, kwa sababu nyuzinyuzi zake laini husaidia choo kishikane. Hakuna chumvi, hakuna viungo vya pakiti, na hakuna kabisa kitunguu, kiwe maji au saumu, kibichi au kilichopikwa, maana huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Hili linatesa nyumba zetu, ambako kila supu inaanzia na kitunguu. Ilibidi sufuria ya Simba iwe yake peke yake na dada wa nyumbani ajue kwa nini. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo marufuku, inavunjika kwa ncha kali.

Chakula hicho cha sufuria ni cha kumvusha tu. Hakina kalsiamu ya kutosha wala madini na vitamini vingine, kwa hiyo kikizidi wiki kadhaa unatengeneza tatizo jipya. Choo chake kiliposhikana, nikaanza kurudisha chakula chake cha kawaida, robo kwa wiki ya mwanzo na kuongeza taratibu.

Kuna wanyama ambao nisingewapa a/d bila daktari kusema. Mbwa mwenye kongosho lililovimba, ambaye mara nyingi huletwa anatapika na tumbo linamuuma baada ya kula vitu vya mafuta, hafai kupewa chakula chenye mafuta kiasi hiki. Kwa kuharisha kwa kawaida bila upasuaji pia ningeuliza kwanza i/d, ambayo kampuni hiyo hiyo imeitengeneza kwa ajili ya tumbo, na ipo ya mafuta kidogo. Makopo yanafanana rangi na herufi zinakaribiana, kwa hiyo soma vizuri kabla hujalipa. Duka moja lilinipa kopo lililovimba mfuniko, nikalirudisha hapo hapo. Kwa bidhaa iliyosafiri mbali hivi, angalia tarehe ya mwisho, bonyeza mfuniko, na kama limekaa dirishani juani, nenda kwingine. Kliniki mara nyingi huwa nayo wakati maduka hayana, ila piga simu kabla ya kupanda gari.

Kwa waliopasuliwa utumbo, siku ya tatu hadi ya tano ndizo za kukesha. Mshono ukitaka kuvuja, mara nyingi huvuja hapo. Mnyama aliyekuwa anakula akagoma ghafla, akatapika tena, akawa na homa, tumbo likawa gumu au akalia ukiligusa, usimbadilishie chakula, mrudishe kliniki usiku huo huo.

Jambo la mwisho ni la viungo. Kopo nililonunua lina maini ya nguruwe, yameandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Kwangu halikuwa na shida, lakini jirani yangu, ambaye paka wake alitoka kufungwa kizazi na kukataa kula, nilimwambia kabla hajafungua lile nililotaka kumpa. Akashukuru, akalirudisha. Na paka hasubiriwi: akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemea, naye anaweza kufa kwa hilo wakati upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Tulimpigia daktari, akamruhusu samaki mweupe aliyechemshwa bila kitu, akatolewa miiba yote na kupewa vuguvugu pamoja na maji yake, na akasema asipokula hadi asubuhi aletwe. Usiku ule alikula nusu ya samaki aina ya changu. Kwa siku zilizofuata jirani alitafuta chakula cha kopo cha wagonjwa kisicho na nguruwe, akakipata kliniki hiyo hiyo baada ya kuwasomesha orodha ya viungo kopo kwa kopo.