Alama mbili au tatu za usawa katika JavaScript?

Katika lugha hii ya kuandikia programu, alama mbili (==) hubadilisha kwanza aina ya data zikitofautiana (mfano namba na maandishi), kisha hulinganisha. Hapo ndipo vituko huanza: 0 == "" ni kweli, 0 == "0" nayo ni kweli, lakini "" == "0" si kweli! Sifuri ni ndugu wa wote wawili, ila wao kwa wao hawajuani. Sababu ni kwamba maandishi yakikutana na namba hugeuzwa namba, na maandishi matupu ("") huwa 0. Yakikutana yenyewe, hulinganishwa herufi kwa herufi.

Alama tatu (===), zilizoingia kwenye kiwango rasmi mwaka 1999, hazigeuzi chochote. Mimi huzitumia kila mahali, isipokuwa kwenye x == null, maana hiyo hunasa null (hakuna kitu) na undefined (thamani haijawekwa) kwa mpigo mmoja.